Joto la Uingereza: kivuli, feni au kiyoyozi?

Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam akisikia Waingereza wanalia na nyuzi 32, hucheka. Kicheko hukatika usiku, akiwa kitandani ghorofa ya juu, saa saba imepita, dirisha li wazi, na chumba bado kina nyuzi 29. Hapo ndipo anapogundua kwamba hata hewa ya nje ikipoa, nyumba yenyewe imegoma kupoa.

Nyumba nyingi za kule zilijengwa ili zitunze joto. Kuta ni za matofali, zulia limetandikwa kona hadi kona, feni ya dari hakuna, na nje ya dirisha hakuna kitu cha kuzuia jua. Jua lenyewe nalo lina tabia nyingine. Karibu na ikweta, jua la mchana hukaa utosini likapiga paa, na kuta zinapata nafuu. London mwezi Julai linachomoza kama saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, na kwa saa nyingi za asubuhi na jioni liko chini, likitazama moja kwa moja kwenye vioo. Mita moja ya mraba ya kioo ikipigwa na jua kali inaweza kuingiza kama nusu kilowati ya joto. Dirisha la sebuleni la mita mbili za mraba likielekea magharibi, basi jioni yote umewashiwa hita ya kilowati moja usiyoiomba.

Na siku hizi si jambo la mara moja kwa kizazi. Tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3, mara ya kwanza Uingereza kuvuka 40. Rekodi ya kabla yake, 38.7 ya Cambridge, ilikuwa na miaka mitatu tu. Siku hiyo hiyo moto uliteketeza nyumba za kijiji cha Wennington, pembezoni mwa London mashariki, na kikosi cha zimamoto cha jiji kikasema hakijapata siku yenye pilika kama ile tangu Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya joto ya 2025 nayo yakawa na wastani wa juu kuliko yote katika kumbukumbu za Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza.

Kwa hiyo kila mwaka, wiki ya kwanza ya joto, watu wanakimbilia dukani na kununua kilichobaki kwenye rafu. Huko ndiko pesa zinakopotea. Mimi ningepanga hivi: kwanza zuia jua lisiingie, pili tumia usiku vizuri, tatu feni, na kiyoyozi kije mwisho. Kuna watu wa kuruka foleni hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye kiyoyozi, nitawataja.

Pazia la ndani au kivuli cha nje

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopadharau.

Pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, linakutana na jua likiwa limeshapita kioo. Linapata moto lenyewe, kisha linautoa chumbani taratibu. Weka mkono kati ya pazia jeusi na dirisha saa kumi na mbili jioni: hewa iliyonaswa pale inaunguza. Pazia jeupe au lenye mgongo wa kung'aa unaotazama nje linasaidia zaidi, kwa sababu sehemu ya mwanga inarudishwa kupitia kioo kabla haijageuka joto. Lakini kitu chochote kinachokaa upande wa nje wa kioo kinalishinda, hata kiwe cha bei rahisi, kwa sababu kikipata moto kinautoa hewani huko huko nje.

Ukiuliza kwa nini Waingereza hawana ile milango midogo ya mbao ya kufunika madirisha kama Wahispania na Waitalia, jibu moja liko kwenye bawaba: madirisha yao mengi hufunguka kwenda nje, kwa hiyo yangegongana nayo. Zinazobaki ni njia nyingine. Mwenye nyumba yake anaweza kufunga kipaa cha turubai kinachokunjwa, au skrini ya kushuka kwa nje. Kabla hujanunua, angalia dirisha linaelekea wapi. Kipaa cha turubai kinafaa sana dirisha la kusini, ambako jua la mchana liko juu. Dirisha la magharibi kipaa hakilisaidii sana jioni, jua linapita chini yake. Pale unahitaji kitu cha kusimama wima mbele ya kioo.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta bado ana la kufanya. Fungua dirisha, tandaza shuka jeupe kwa nje, kisha funga dirisha likabane pindo la juu. Pindo la chini lifunge kwa kamba iliyoingizwa ndani, upepo usilipeperushe. Neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya mboga, inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu inapitisha hewa na bado unaona nje. Haya ni ya dirisha unalolifikia kwa usalama. Ghorofa ya tano usijining'inize nje ya dirisha kwa ajili ya shuka. Kubali pazia jeupe la ndani na uweke nguvu kwingine.

Madirisha ya paani, kwenye vyumba vilivyotengenezwa darini, ni balaa peke yake. Yanatazama mbingu mchana kutwa. Kwa bahati nzuri zipo neti za nje za aina hiyo ya dirisha ambazo unazifunga ukiwa umesimama ndani ya chumba. Kama una chumba cha namna hiyo na pesa za kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua neti hiyo.

Kuhusu foil ya jikoni inayobandikwa kwenye kioo kwa ndani: inazuia jua kweli, ila kwenye kioo cha tabaka mbili joto likinaswa upande mmoja linaweza kukipasua. Ukishindwa kabisa, iweke ikiwa imeachana na kioo.

Dirisha wazi au dirisha limefungwa

Mazoea yetu ni kufungua kila kitu. Uingereza, saa nane mchana yenye nyuzi 34, kufungua dirisha ni kualika nyuzi 34 ndani ya nyumba yenye 26. Mwingereza naye ana kosa lake la upande wa pili: anafunga madirisha saa nne usiku anapokwenda kulala, saa ile ile nje kumeanza kuwa na nafuu.

Usikisie. Nunua vipimajoto viwili vidogo, kila kimoja ni pauni chache. Kimoja kiwe ndani, kingine nje upande wa kivulini. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga na ushushe pazia. Nje kukipoa kuliko ndani, fungua, hata kama ni saa tano usiku. Mara nyingi zamu hiyo inageuka kati ya saa tatu na saa sita usiku, na asubuhi inarudi kama saa mbili au tatu. Alfajiri ndiyo saa ya dhahabu. Amka ufungue kila kitu kwa saa mbili.

Ukiwa na madirisha pande mbili za nyumba, fungua yote na milango ya katikati, upepo upite. Yale madirisha ya kizamani ya kusukuma juu na chini yana siri yake: shusha kipande cha juu kidogo na pandisha cha chini kidogo, hewa ya moto itatokea juu na ya ubaridi itaingilia chini. Nyumba ya ghorofa ikiwa na mfuniko wa kwenda darini, uache wazi usiku ikiwa dari lina matundu ya hewa, kwa maana joto lote limepanda huko.

Kuna nyumba ambazo njia hii inagoma. Flati yenye madirisha upande mmoja tu, au ya chini mtaa wenye wizi, au iliyo kando ya barabara ya malori, au yenye vizuizi vinavyoruhusu dirisha kufunguka kama sentimita 10 tu. Vizuizi hivyo kama kuna watoto usivitoe. Majengo mapya ya makazi ya England, tangu kanuni ya ujenzi iitwayo Part O ianze Juni 2022, yanatakiwa kusanifiwa yasizidi joto, pamoja na kuzingatia kelele na usalama wa madirisha yanayofunguliwa usiku. Flati zilizojengwa miaka michache kabla ya hapo, zenye vioo toka sakafuni hadi dari, hazikubahatika, na huko ndiko ninakosikia vilio vingi kuliko kwenye nyumba za enzi ya Malkia Victoria.

Feni, kiyoyozi cha magurudumu, na kile kiboksi cha maji

Gharama hizi ni za kukadiria. Umeme nimeuhesabu kama peni 25 kwa uniti na matumizi ya saa nane za usiku.

| | Kununua | Umeme kwa usiku | Ruhusa ya mwenye nyumba |
|---|---|---|---|
| Feni | £20–60 | kama peni 10 | haihitajiki |
| Kiyoyozi cha magurudumu | £250–500 | kama £2 | kwa kawaida haihitajiki |
| Kiyoyozi cha ukutani | £1,500–3,000 na fundi | chini ya £1 | lazima |

Feni haipozi chumba. Inapoza mtu, kwa kukausha jasho. Ndiyo maana kuiacha ikizunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme na kuongeza joto kidogo la mota. Lakini kwa anayelala mbele yake, akiwa amejipangusa kwa kitambaa kibichi mikononi, shingoni na miguuni, ni msaada mkubwa kwa peni kumi. Usiku nje kukipoa, igeuze: iweke karibu na dirisha ivute hewa ya nje, au dirisha la pili itoe ya moto.

Ina mpaka wake. Mamlaka ya Usalama wa Afya, UKHSA, inashauri feni zitumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 35. Juu ya hapo unapuliziwa hewa yenye joto sawa na ngozi yako au kuizidi, na mzee ambaye mwili wake hautoi jasho la kutosha anaweza kuzidi kupata joto huku akiona yuko salama kwa sababu upepo unavuma.

Halafu kuna ule ujanja wa chupa ya barafu mbele ya feni. Hebu tuupigie hesabu. Chupa ya lita mbili ikiyeyuka yote inanyonya joto la kama uniti 0.19. Kiyoyozi kidogo cha magurudumu kinaondoa joto hilo chumbani kwa dakika tano hivi. Na friza iliyogandisha chupa hiyo ilitoa joto lake jikoni, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ukiwa umeketi karibu utahisi ubaridi usoni, na si zaidi. Afadhali chupa hiyo uifunge kwa taulo uilaze miguuni kitandani.

Kiboksi cha maji, kinachouzwa mtandaoni kwa jina linalokaribiana na la kiyoyozi, ndicho ninachokuomba usikinunue. Kinapuliza hewa kupitia sponji iliyoloa. Penye hewa kavu na madirisha wazi kinafanya kazi vizuri. Kwenye chumba cha Kiingereza kilichofungwa, baada ya saa moja kimejaza unyevunyevu, jasho halikauki tena, na una nyuzi zile zile pamoja na fukuto. Utakitambua kirahisi: hakina bomba la kutoa hewa nje. Mashine isiyo na bomba la kwenda nje haiwezi kupoza chumba kilichofungwa, hata tangazo liseme nini.

Kiyoyozi cha magurudumu kinalo bomba, na ndipo shida zake zinapoanzia. Lile bomba nene linatoka kupitia dirishani, na vifaa vinavyokuja nalo vimetengenezwa kwa madirisha ya kusukuma. Dirisha linalofunguka kwenda nje linabaki na pengo la pembetatu juu na chini; usipoliziba, joto linaingia kwa kasi ile ile unayolitoa. Nunua kile kitambaa cha zipu kinachobandikwa kuzunguka fremu, ukibandike wiki moja kabla ya joto, maana gundi yake inagoma kwenye fremu yenye vumbi. Bomba lenyewe likipata moto linakuwa hita ndogo chumbani, kwa hiyo lifupishe na ulizungushie taulo.

Tatizo la pili halionekani. Mashine ya bomba moja inachukua hewa ya chumbani na kuitupa nje, kwa hiyo hewa ya kufidia inaingia kwa nguvu kupitia chini ya milango na nyufa, nayo ni ya moto. Aina ya mabomba mawili inaepuka hilo, ila ni adimu na ghali zaidi. Kama nyumba ina jiko la kuni au hita ya gesi ya zamani inayotegemea hewa ya chumbani, uvutaji huo unaweza kurudisha moshi wake ndani. Kengele ya kaboni monoksidi ni ya lazima.

Na kelele. Mashine nzima, na kompresa yake, iko chumbani na wewe. Wengi hukipoza chumba nayo kwa saa mbili kabla ya kulala, kisha wanaizima na kuwasha feni. Huo ndio utaratibu ninaoupenda: mashine kwanza, feni baadaye, chumba kimoja tu, mlango umefungwa. Anayejaribu kupoza nyumba nzima kwa mashine moja ataona bili tu.

Wa kuruka foleni ndio hawa: nyumba yenye mzee, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo, figo au mapafu, au mtu anayetumia dawa zinazopunguza maji mwilini, na madirisha hayafunguki vya kutosha usiku. Hao wanunue kiyoyozi cha magurudumu mwezi Machi, kabla bei haijapanda. Katika vipindi vitano vya joto vya mwaka 2022, England peke yake ilikadiriwa kuwa na vifo karibu 3,000 zaidi ya kawaida, na wengi wao walikuwa wazee.

Cha ukutani, kwa aliyenunua nyumba

Kompresa ikiwa nje, kelele inahama na umeme unapungua. Mashine hiyo hiyo ikigeuzwa majira ya baridi inapasha chumba joto, na kwa kila uniti ya umeme inaleta uniti tatu au nne za joto. Umeme wa Uingereza ni ghali mara nne hivi ya gesi, kwa hiyo usitarajie kuokoa pesa nyingi ukilinganisha na boila nzuri. Anayetumia hita za umeme za kawaida ndiye atakayeona bili inashuka.

Vikwazo ni vya makaratasi. Fundi lazima awe na cheti cha kushughulikia gesi za kupozea. Flati nyingi ukuta wa nje si wako hata kama umenunua, ni wa mmiliki wa jengo, na anaweza kukataa. Nyumba za kihistoria zinazolindwa kisheria zinahitaji kibali cha halmashauri, na za mitaa ya uhifadhi mara nyingi huhitaji. Na hata ukishapata vyote hivyo, bila kivuli cha nje utakuwa unalipia mashine ipigane na jua kutwa. Anza na kivuli, unaweza kukuta mashine ndogo zaidi inatosha.

Kubaki ndani au kutoka

Wakati mwingine suluhisho ni kutoka. London ina ramani ya Cool Spaces, maeneo ya bure ya kupumzika kwenye ubaridi: maktaba, makanisa, vituo vya jamii. Kwa treni za jiji chagua njia yako: Elizabeth, Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City zina viyoyozi; Central na Bakerloo, zilizochimbwa chini sana, ni tanuri. Treni za kawaida nazo hupunguzwa mwendo, kwa kuwa reli zinapanuka, basi beba maji hata kwa safari fupi.

Mto au ziwa si jibu, hata vijana wakikuita. Maji ya huko hubaki baridi hata hewa ikiwa nyuzi 33, na mwili ukiingia ghafla unashtuka, pumzi inakata. Kila wimbi la joto lina waliozama.

Kazini, ujue kwamba hakuna sheria inayotaja joto la juu kabisa, ingawa mwajiri anawajibika kuweka mazingira ya kufaa. Nyumbani sheria ina meno kidogo zaidi. Katika vigezo vya hatari za makazi vya England, joto la kupindukia limo kwenye orodha pamoja na ukungu wa kuta na baridi. Kama flati unayopanga haikaliki, andika vipimo vya asubuhi, jioni na usiku kwa wiki nzima, piga picha kipimajoto kikiwa chumbani, mtumie mwenye nyumba kwa barua pepe, na asipojibu peleka yote hayo idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako. Akipendekeza kukununulia kile kiboksi cha maji, mwambie unataka neti ya nje.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mlaze kivulini, mloweshe ngozi, mpepee, mpe maji. Nusu saa ikipita hajapata nafuu, au akianza kuchanganyikiwa, piga 999.